Maonyesho, Tamasha na Makumbusho: Maneno ya Sanaa katika Historia ya Jiji la Dar es Salaam

Chukua maneno mawili, sanaa na maonyesho. Ukiyapanga ukasema "maonyesho ya sanaa", mkazi wa Dar es Salaam ataelewa kwamba kuna picha zilizotundikwa ukutani au vinyago vilivyopangwa juu ya meza, na watu wanapita kuvitazama. Ukiyageuza ukasema "sanaa za maonyesho", umekwisha kutoka katika picha na vinyago na kuingia katika michezo ya kuigiza, ngoma na vichekesho. Ndivyo istilahi hiyo inavyotumika katika taaluma ambayo ilianza kufundishwa mwaka 1967 katika chuo kikuu cha jijini humo, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kwa mfasiri mwenye haraka, au kwa karani anayeandaa barua ya mwaliko, tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kama punje ya mtama. Lakini mgeni aliyealikwa kutazama picha akajikuta anasubiri ngoma ianze hataiona kuwa ndogo.

Makala haya yanakusudia kufuatilia namna maneno ya aina hiyo yalivyozaliwa na kukua pamoja na shughuli zenyewe katika jiji moja. Dar es Salaam imechaguliwa kwa sababu humo serikali, wachongaji, wachoraji, wafanyabiashara na walimu wamekuwa wakikutana na kugombania maneno kwa muda mrefu, na kwa sababu mengi ya maneno hayo yalisambaa nchini kote yakitokea huko.

Ifahamike kwanza kwamba kukusanyika ili kutazama si jambo lililoletwa na kumbi za maonyesho. Neno ngoma peke yake linabeba chombo kinachopigwa, uchezaji unaofuata mapigo yake, na hafla yote inayowakusanya watu. Mtu akisema "leo kuna ngoma Mnazi Mmoja", hakuna anayemuuliza kama anazungumzia chombo au mkutano. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilienea pwani na bara ngoma ya beni, ambayo jina lake lilitokana na bendi za kijeshi. Jijini Dar es Salaam vyama vyake viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, vyeo na gwaride, na jiji zima likatoka kutazama. Neno beni ni la kigeni kwa asili, lakini waliolichukua hawakuomba ruhusa ya kamati yoyote, nao walilipa maana yao wenyewe ambayo katika lugha lilikotoka haikuwamo. Jambo hili tutalikuta tena mbele, kwa wachongaji.

Kazi ya sanaa iliyowekwa hadharani ili kila mpita njia aitazame ilianza, kwa bahati mbaya, kuwa ya watawala. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha sanamu ya Wissmann, huku askari Mwafrika akiwa chini ya miguu yake. Waingereza walipoushika mji waliiondoa, na mwaka 1927 wakazindua sanamu ya askari peke yake, ambayo mpaka leo imesimama katika Mtaa wa Samora. Wenyeji huiita "Askari" tu, kana kwamba ni jirani yao. Msingi wake una maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili. Msomaji aiweke akilini habari hiyo: tangu mwaka 1927 mkazi wa Dar es Salaam aliyejua kusoma aliweza kuelezwa kwa lugha yake kazi ya sanaa iliyo mbele yake inahusu nini.

Neno sanamu lenyewe lina historia ndefu. Asili yake ni Kiarabu, ambako lilimaanisha kinyago cha kuabudiwa, na kwa Waswahili wa zamani lilikuwa na uzito wa kidini. Hata hivyo lilitumika pia kwa picha iliyo bapa. Baada ya neno picha kuja kutoka Kiingereza na kuzoewa kupitia kamera na magazeti, sanamu ilirudi nyuma ikabaki kwa vitu vyenye umbo la kushikika. Wakati huohuo ngeli yake ikayumba, na hata sasa wapo wasemao sanamu hii na wapo wasemao sanamu hili.

Tuje kwenye makumbusho. Neno hili limezoeleka kiasi kwamba hatuoni tena ajabu yake. Jengo la kuhifadhia mafuvu, sarafu, mitumbwi na vyungu lingaliweza kuitwa kwa neno lenye maana ya kutunza, kukusanya au kutazama. Badala yake limeitwa kwa neno linalotokana na kitenzi kumbusha. Kwa maoni yangu sababu yake ni ya kihistoria. Jengo maarufu la aina hiyo lililofunguliwa Unguja mwaka 1925 lilijengwa kwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Lile la Dar es Salaam, lililoasisiwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1940, lilipewa jina la ukumbusho wa Mfalme George wa Tano. Yote mawili, basi, yalikuwa makumbusho kwa maana ya kumkumbusha mtu jambo fulani, kabla hayajawa makumbusho kwa maana tunayoielewa sasa. Mfalme alisahauliwa, jina likabaki na vyungu.

Hapana haja ya kulisikitikia hilo. Neno lililoletwa na ukumbusho wa mfalme wa ng'ambo liligeuka kuwa neno linalofaa sana kwa taifa jipya, ambalo lilitaka hasa kujikumbusha. Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, baada ya kuapishwa kuwa Rais, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1965 fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lilirudishwa Tanzania, na Makumbusho ya Taifa ndiyo yaliyolitunza. Mwaka 1967 kikafunguliwa Kijiji cha Makumbusho kando ya barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa miti, udongo na makuti. Humo ngoma zilichezwa mbele ya nyumba za wenye ngoma. Katika miaka ya 1990 uliongezwa utaratibu wa siku za utamaduni, ambapo jamii moja huja kuonyesha mapishi yake, mavazi yake na michezo yake. Baadaye neno lilitoka nje ya ua wa kijiji likawa jina la mtaa na kituo cha daladala. Leo kondakta anayepiga kelele za "Makumbusho!" hana habari ya Mfalme George wala ya mafuvu, na wala hakosi kitu.

Sasa tuliangalie neno lenye ubishi zaidi, yaani maonyesho. Kabla ya uhuru lilihusishwa hasa na kilimo: ng'ombe walionenepa, mahindi makubwa, mablanketi na majembe. Huko Kenya watu wengi waliyaita "sho", na bado wapo wanaoyaita hivyo. Dar es Salaam neno lilipata makao katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, ambako maonyesho ya biashara hufanyika kila mwaka kuzunguka tarehe 7 Julai, siku ya kuzaliwa TANU mwaka 1954. Watu wakayaita Sabasaba, na jina la siku likameza jina la shughuli. Katika viwanja hivyo, kati ya matrekta na mabati, wananchi wengi ambao wasingethubutu kuingia katika ukumbi wa hoteli walipata kuona vinyago, picha na mikeka ikiwa imewekwa ili itazamwe na kununuliwa. Si haki kuandika historia ya maonyesho ya sanaa jijini kwa kutaja kumbi za wageni peke yake na kuiacha Sabasaba, eti kwa sababu ilikuwa na vumbi.

Kwa muda sasa limezuka swali la tahajia: maonyesho au maonesho? Wanaopendelea umbo la pili husema kwamba kitenzi ni ona, kauli yake ya kusababisha ni onesha, na kwamba onyesha linatokana na onya, yaani kumpa mtu tahadhari, hivyo halifai kwa picha wala bidhaa. Hoja hiyo inavutia kwa unyofu wake, na umbo la maonesho sasa limeingia katika mabango ya idara na mashirika. Mimi siikubali. Kitenzi onya ni kauli ya kusababisha ya ona, ya namna ile ya kale inayotia sauti ya y mwishoni mwa mzizi, kama pona inavyozaa ponya. Anayekuonya anakufanya uone. Maana ya tahadhari ni tawi tu lililoota baadaye juu ya shina hilo. Onyesha, basi, ni kitenzi ona kilichosababishwa mara mbili, jambo ambalo si geni katika lugha za Kibantu, wala hakuna kosa la kusahihisha. Anayetaka kuifuta y katika onyesha aniambie kwanza kwa nini hatusemi "ponesha". Hata hivyo, mwalimu asimkatie mwanafunzi maksi kwa umbo lolote kati ya hayo mawili. Ninachopinga ni ile dhana kwamba wazee walioandika maonyesho hawakujua lugha yao.

Wachongaji wa Kimakonde wanastahili sehemu ndefu zaidi, kwani wao walitunga istilahi ambazo hakuna baraza lililozitunga. Wengi wao walihamia Tanganyika kutoka upande wa pili wa Mto Ruvuma, wakafanya kazi mashambani na kuchonga mpingo, na katika miaka ya 1950 baadhi yao walikuwa wakiwauzia wafanyabiashara wa Dar es Salaam, akiwamo Mohamed Peera, ambaye aliwatia moyo wachonge kwa ubunifu wao. Kwa wanunuzi wa mjini kazi zote hizo ziliitwa vinyago. Neno hilo lilikuwa na maana ya sura ya bandia inayovaliwa ngomani, au kitu cha kutisha. Ndiyo maana tunasema hatutishwi na kinyago tulichokichonga wenyewe. Wachongaji wenyewe hawakutosheka na neno moja la jumla. Umbo la kiumbe wa ajabu, lenye jicho moja au mdomo ulioota tumboni, mtindo unaohusishwa na Samaki Likankoa, waliliita shetani. Mnara wa watu waliobebana na kushikana, mtindo unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, ulipata jina la ujamaa, nalo lilishika hasa baada ya siasa ya ujamaa kutangazwa. Umbo la mtu wa kawaida aliye kazini wakaliita binadamu. Baadaye yakaja mawingu, maumbo yaliyopinda yasiyo na sura ya mtu wala mnyama.

Tazama jinsi istilahi hizo zilivyo kamili. Neno moja, la kawaida, linaloeleweka na mtoto, nalo linagawa mtindo mmoja na mwingine bila kutatiza. Vitabu vya sanaa vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vilipotaka kuzungumzia vinyago vya Wamakonde havikuweza kuyakwepa maneno hayo, viliyachukua yalivyo: shetani, ujamaa, mawingu. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili kinapokea tu, lakini hapa kilitoa. Waliotoa walikuwa watu waliokaa chini ya miembe na tezo mkononi, na wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili. Wafanyao kazi ya kusanifu istilahi wangefanya vema kuwatembelea kabla ya kufungua kamusi.

Habari za Edward Saidi Tingatinga zinajulikana, lakini upande wake wa lugha haujatazamwa vya kutosha. Alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaja Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vipande vya mraba vya mbao laini za dari, vyenye upana wa kama sentimita 60, akitumia rangi za baiskeli. Tembo, chui, ndege na mbuyu vilijaa ubao mzima. Picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores huko Oysterbay, na vijana wa ukoo wake na wa kwao, kama January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde, wakajifunza kwake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine, akafa. Kazi yake yote ya uchoraji haikuzidi miaka minne hivi. Wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake.

Jina lake ndilo lililopatwa na mambo. Katika Kiswahili cha Tanzania tingatinga ni trekta au mashine kubwa ya kusukuma udongo. Wageni wengi huelezwa hivyo wanapouliza maana, nao huondoka wakidhani kwamba michoro hiyo ina uhusiano na matrekta. Haina. Tingatinga ni jina la mtu. Lakini jina hilo sasa linatumika kama nomino ya kawaida: "nimenunua tingatinga mbili", "anachora tingatinga". Limefika mbali zaidi. Mwaka 2010 televisheni ya BBC ilianza kuonyesha hadithi za katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo huo na kubeba jina hilo, na suala la nani ana haki juu ya jina likawa gumzo miongoni mwa wachoraji wa Dar es Salaam. Mfasiri aweza kudhani hilo ni jambo la wanasheria. Sivyo. Kila tunapoandika tingatinga kwa herufi ndogo tunasema kwamba huo ni mtindo wa wote, kama nakshi. Kila tunapoandika Tingatinga kwa herufi kubwa tunasema kwamba yupo mtu nyuma yake, na familia, na wanafunzi. Katika maandishi rasmi napendekeza "mtindo wa Tingatinga" kwa herufi kubwa, na mchoro wenyewe utajwe pamoja na jina la aliyeuchora. Mchoraji wa ushirika hutia saini yake kwenye pembe ya ubao, na hakuna sababu mwandishi wa ripoti aiache.

Mwaka huohuo wa 1972 ndipo kilipoanzishwa kituo cha Nyumba ya Sanaa kwa juhudi za mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt, pamoja na wasanii vijana. Jengo lake kubwa katika eneo la Upanga lilikamilika mwaka 1983. Hapo alikulia kisanaa George Lilanga, ambaye aliingia kama mlinzi na baadaye akawa mmoja wa wasanii wa Tanzania wanaofahamika zaidi duniani mpaka alipofariki mwaka 2005. Hapo pia walifanya kazi Augustino Malaba, Robino Ntila na Patrick Imanjama. Jina la kituo linafaa kutazamwa. Jumba lingekuwa neno la fahari zaidi, na huenda lingewapendeza wageni rasmi. Lakini nyumba ni mahali watu wanapokaa, wanapopika na kufanya kazi, na hapo watu walichonga, walichora, walitia rangi vitambaa vya batiki na kuchapa picha kwa bamba la chuma huku wanunuzi wakipita kati yao. Maonyesho na karakana vilikuwa chini ya paa moja. Huko Nairobi, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alikuwa ameanzisha mwaka 1965 kituo alichokipa jina la Paa ya Paa, akicheza na neno linalomaanisha mnyama na pia kuruka juu. Hayo ndiyo majina yanayotolewa na watu wanaoijua lugha.

Hapa tunafika kwenye tatizo ambalo walimu wa sanaa wanalijua vizuri. Kitenzi chora kilikuwa hapo awali na maana ya kutia alama kwa chombo chenye ncha, kama wafanyavyo mafundi wa milango ya pwani. Baadaye kikahamia kwenye kalamu na karatasi, kisha kwenye brashi na rangi. Matokeo yake ni kwamba tuna neno moja kwa kazi mbili ambazo lugha nyingine huzitenga: kuweka mistari, na kujaza rangi. Kamusi zinatushauri "kupaka rangi", lakini mpaka rangi ni fundi wa kuta za nyumba. Sam Ntiro wa Machame, ambaye kazi yake moja ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la sanaa za kisasa la New York, hakuwa mpaka rangi. Wachoraji wenyewe husema "mchoro wa penseli" na "mchoro wa rangi", na sioni kwa nini tutafute zaidi ya hapo. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, limezoea kuziweka kazi hizi zote, za picha na za kuchonga, katika kundi la "sanaa za ufundi". Istilahi hiyo imesaidia kuzitenga na sanaa za maonyesho, lakini ina udhaifu wake. Msikilizaji asiyejua hudhani kwamba mchoraji anawekwa kundi moja na fundi seremala, na kwamba mwimbaji hana ufundi.

Tamasha ni neno lililosafiri sana. Limepitia Kiajemi na lugha za Bara Hindi, na kwa Waswahili wa zamani lilimaanisha jambo lolote la kutazamwa na kustaajabiwa, hata moto au ugomvi wa barabarani. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzisha tamasha lake mwanzoni mwa miaka ya 1980, muda mfupi baada ya chuo chenyewe kuanzishwa mwaka 1981, neno lilianza kujifunga kwenye maana moja: mkusanyiko wa siku kadhaa wenye ratiba, wasanii walioalikwa na watazamaji. Zanzibar ikafuata kwa tamasha la filamu la nchi za jahazi lililofanyika kwanza mwaka 1998, na la muziki, Sauti za Busara, mwaka 2004. Katika safari hiyo neno lilibadili ngeli pia. Waliosema "tamasha ya" wamepungua, na "matamasha" imekuwa kawaida. Haya ni mabadiliko ya afya, kwani yametupa neno ambalo halichanganyiki na maonyesho wala na sherehe.

Neno msanii halikubahatika hivyo. Lilipata heshima kubwa katika miaka ya 1970 na 1980, likitenga mbunifu na fundi wa kawaida. Baadaye vijana wa mjini wakaligeuza. "Huo ni usanii" ikawa na maana ya huo ni udanganyifu, na "kufanyiwa usanii" ni kuahidiwa bila kutimiziwa. Wanasiasa hurushiana neno hilo bungeni bila kuwaza mtu aliyeshika brashi. Mchongaji anayekwenda kuomba mkopo akijitambulisha kuwa ni msanii huanza mazungumzo akiwa ameshashindwa nusu, na hilo halichekeshi sana. Baraza la lugha haliwezi kuamuru mtaa. Linaweza hata hivyo kutumia majina ya kazi yaliyo wazi: mchongaji, mchoraji, mfinyanzi, mchapaji picha. Majina hayo hayajachafuliwa, na yanamweleza mtu vizuri zaidi.

Kinachonisumbua zaidi ya yote ni kile kikaratasi kinachobandikwa ukutani kando ya kazi. Katika maonyesho mengi ya Dar es Salaam, hasa yale ya vituo vya utamaduni vya nchi za kigeni na ya hoteli, kikaratasi hicho huandikwa kwa Kiingereza, wakati mwingine pamoja na Kifaransa au Kijerumani. Mchoraji aliyesoma mpaka darasa la saba huhudhuria ufunguzi wa maonyesho yake mwenyewe na kusimama mbele ya picha yake bila kuweza kusoma alivyoelezwa. Huambiwa ameeleza upweke wa mtu wa mjini, naye alichora shangazi yake akirudi sokoni. Sanamu ya Askari ilipata maelezo ya Kiswahili mwaka 1927, chini ya mkoloni. Makumbusho ya Taifa yameweka maelezo ya Kiswahili, na ni mfano unaofaa kuigwa.

Mara nyingi wahusika hujitetea kwamba maneno hayapo. Kikaratasi cha kawaida kinahitaji mambo matano tu: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa na vipimo. Kwa vifaa, karakana zina maneno yake tayari: rangi ya baiskeli, rangi ya maji, mkaa, wino, hadibodi, kanvasi, mpingo, mninga, udongo wa kuchoma, batiki. Aandikaye "rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, sentimita 60 kwa 60" amekwisha maliza kazi yake, na mchoraji atamsahihisha pale pale akikosea. Yakihitajika maelezo marefu kuhusu maana ya kazi, njia iliyo rahisi ni kumuuliza mwenye kazi na kuandika alivyosema.

Yamebaki maneno machache ambayo bado hayajatulia. Maonyesho makubwa yanayorudi kila baada ya miaka miwili, ambayo Dar es Salaam ilianza kuyaona mwaka 2003 kwa nchi za Afrika Mashariki, yanaitwa bienale na wachache wanaoyahudhuria. Wengine hawayaiti kitu. "Maonyesho ya miaka miwili" hayafai, kwani mtu atadhani yanadumu miaka miwili. "Maonyesho ya kila miaka miwili" ni marefu lakini hayapotoshi, na kwa barua za serikali yanatosha.

Aliye mgumu zaidi ni mtu yule anayechagua kazi za kuonyeshwa, akaamua ipi ikae kando ya ipi, akaandika maelezo na kuwajibika kwa yote. Makumbusho humwita mhifadhi, neno zuri kwa mwenye kutunza mali ya kudumu, lakini haliwezi kumfaa mtu anayekusanya picha za wiki tatu na kuzirudisha kwa wenyewe. Mratibu ni wa vikao na semina. Msimamizi anaweza kuwa yeyote, hata mwenye ufunguo wa ukumbi. Mpangaji lingekuwa neno lenyewe hasa, fupi na lenye asili ya lugha, kama lisingekuwa limekwisha chukuliwa na mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Kwa sasa mimi hutumia "mpanga maonyesho", nikiacha ile -ji mwishoni ili kodi isimfuate.